Kabla ya kuiita sarafu yako "kosa la kiwandani"

Siku hizi karibu kila sarafu iliyopinda inauzwa mtandaoni kwa jina la kosa la kiwandani. Ukingo umekatika, tarehe haisomeki, na muuzaji anataja bei ambayo mgeni wa fani hii hulipa akidhani amebahatika. Linaniudhi sana, kwa sababu wanaoumia ni wale wale tunaotaka waupende ukusanyaji wa sarafu.

Msimamo wangu ni huu: sarafu yenye kasoro ihesabiwe kuwa iliharibikia mikononi mwa watu, mpaka mwenye nayo ataje ni hatua gani ya utengenezaji iliyoleta kasoro hiyo. Hatua zenyewe si nyingi. Visahani hukatwa kutoka kwenye bamba la metali, hupitishwa kwenye mashine inayoinua kingo, kisha kila kimoja hugandamizwa kati ya mihuri miwili ya chuma kigumu, huku pete ya chuma ikikizuia kisitanuke. Ukikosa pa kuiweka kasoro katika mfuatano huo, basi ilikuja baadaye.

Kinachosaidia kuliko yote ni kukumbuka kwamba muhuri ni kinyume cha sarafu. Kilichozama kwenye muhuri hutokeza kwenye sarafu. Muhuri ukipata ufa, metali huingia ndani ya ufa ule na sarafu hutoka na mstari ulioinuka kama mshipa wa mkono. Mkwaruzo wa msumari huacha mfereji, na kando ya mfereji utaiona metali iliyosukumwa imejikunja. Shika lenzi, uliza tu kama pameinuka au pamezama, na sehemu kubwa ya "makosa" itaanguka hapo hapo.

Mfano ninaoupenda ni ile senti tano ya Marekani yenye nyati wa miguu mitatu, iliyopigwa Denver mwaka 1937. Muhuri ulisuguliwa kupita kiasi, mguu mmoja wa mbele ukafutika. Walaghai wakaanza kukwangua mguu huo kwenye sarafu za kawaida za mwaka ule. Lakini sarafu halisi ina pia mstari wa vinundu vidogo unaoshuka kutoka tumboni mwa mnyama kwenda chini. Kukwangua kunaondoa metali. Vinundu haviwezi kupatikana kwa njia hiyo.

Sarafu iliyomegeka ukingoni nayo ina ushahidi wake, na upo upande usiotazamwa. Kisahani kikikatwa vibaya, mashine ya kuinua kingo hukosa mgandamizo mahali palipo mkabala na pengo, kwa hiyo ukingo wa upande ule mwingine mara nyingi huwa hafifu au haupo kabisa. Herufi zilizo karibu na pengo nazo huonekana zimevutwa. Aliyekata kwa mkasi baada ya sarafu kupigwa huacha herufi zimekatika ghafla, na ukingo wa ng'ambo uko imara.

Kuna mtego mwingine: sarafu nyembamba na nyepesi. Kisahani kikiwa chembamba kweli, metali haitoshi kujaza mihuri, na picha hutoka dhaifu. Iliyolowekwa kwenye asidi huliwa pande zote, ukingo nao hupungua. Na ile yenye picha ya sarafu nyingine iliyozama kinyumenyume juu ya picha yake yenyewe, mara nyingi ni kazi ya sarafu mbili kubanwa pamoja kwenye jiliwa.

Kwenye herufi zinazoonekana mbili mbili, hata wazoefu hubishana. Senti ya Marekani ya mwaka 1955 inastahili sifa yake: muhuri wenyewe, ulipokuwa ukitengenezwa, ulichapwa zaidi ya mara moja na safari moja ukawa umegeuka kidogo, kwa hiyo herufi zote mbili ni kamili na zimetuna. Muhuri uliolegea na kuteleza wakati wa kupiga huacha ngazi bapa kando ya herufi, na herufi yenyewe hukonda. Hilo nalo hutokea kiwandani, lakini mimi silipii nyongeza, wala sioni haki kumwambia mgeni kwamba vitu hivi viwili ni sawa.

Kuhusu senti za shaba za mwaka 1943, pima kwanza. Mwaka huo Marekani ilipiga senti za chuma kilichopakwa zinki ili kuokoa shaba kwa ajili ya vita, na chache zikapigwa kwa bahati mbaya kwenye visahani vya shaba. Senti ya chuma iliyopakwa rangi ya shaba hunaswa na sumaku, na uzito wake ni karibu gramu 2.7 badala ya 3.11. Isiponaswa, kazi haijaisha: wapo waliochukua senti ya 1948 wakaipunguza ile 8 hadi ifanane na 3.

Ndiyo maana namtaka kila muuzaji aonyeshe pande zote mbili, ukingo, na uzito kwenye mizani. Akikataa, usinunue.