Waliobandua chokaa Burford

Kila mgeni anayeingia kanisa la parokia la Mtakatifu Yohane Mbatizaji, mjini Burford, Oxfordshire, Uingereza, husifu mawe ya kutani yalivyo wazi. "Hapa kweli ni pa kale!" Pole sana. Mawe ni ya kale, uchi wao ni wa enzi za Malkia Victoria.

Mnara wa kati walianza kuujenga Wanormani, waliotoka Ufaransa kuitawala Uingereza, katika karne ya 12. Matajiri wa sufu wa karne ya 15 wakauongezea ncha, wakakiunganisha na kanisa kikanisa cha chama chao kilichokuwa kimesimama peke yake kando. Ndiyo maana ndani ni kona baada ya kona. Mimi napapenda hivyohivyo.

Ila mawe ya kuokoteza hayakujengwa yaonekane. Wazee wale walipiga lipu ya chokaa. Mtu wa pwani haelezwi jambo hili. Anajua ukuta wa mawe haunyimwi chokaa. Walioibandua ni mafundi wa miaka ya 1870, chini ya msanifu G. E. Street.

William Morris, msanii na mshairi, alipita 1876, akaiona kazi hiyo, akachukia. Na Street hakuwa mgeni kwake: 1856 Morris alikuwa mwanafunzi ofisini mwa Street! Inasimuliwa kwamba kasisi alimjibu kuwa kanisa ni lake, na akitaka kusimama humo kichwa chini miguu juu, atasimama. Mwaka 1877 Morris na msanifu Philip Webb, waliojuana katika ofisi hiyohiyo ya Street, wakaanzisha chama cha kulinda majengo ya kale. Kikapata jina la utani la wapinga kukwangua.

Street hakuwa mbumbumbu. Aliijua Gothiki, mtindo wa makanisa ya zama za kati, kuliko wengi, na hapo ndipo penye hatari: anayejua sana jengo lilipaswa kuwaje hukosa subira na lilivyo.

Nendeni kwenye birika la ubatizo. Mei 1649 Cromwell, jemadari wa jeshi la Bunge, aliwafungia kanisani humu askari walioasi, wapatao 340. Mmoja, Anthony Sedley, alichonga jina lake, mwaka, na neno "mfungwa" alilolikosea herufi, kwenye madini ya risasi yaliyotandazwa birikani. Tarehe 17 wenzake watatu wakapigwa risasi nje, uani. Madini yale na kilichowaua, kwa Kiswahili ni neno lilelile, na kila nikisimama pale hunikaa kooni.

Fundi mwenye bidii ya usafi angeisawazisha mikwaruzo ile kwa asubuhi moja. Bado ipo.