Almaaz: Nyota Nzito ya Mbali au Nyepesi ya Karibu?

Kila baada ya miaka 27 na mwezi mmoja hivi, nyota ya Almaaz, ambayo wanaastronomia huiita Epsilon Aurigae, hufifia hadi kubakiwa na karibu nusu ya mwanga wake, na hukaa katika hali hiyo zaidi ya mwaka mzima kabla ya kung'aa tena kama kawaida. Mchungaji Mjerumani, Johann Fritsch, aliishuku tabia hiyo mwaka 1821, na mwanzoni mwa karne ya 20 Hans Ludendorff akaonyesha kwamba kufifia huko kuna ratiba, yaani nyota hiyo ina mwenzake anayeizunguka na kuipitia mbele. Kupatwa kwa mwisho kulianza Agosti 2009 na kumalizika mwaka 2011. Kunakofuata kunatarajiwa mwaka 2036.

Sisi wa Uganda tumejaliwa nafasi nzuri ya kuitazama. Mwishoni mwa Januari, wakati wa kiangazi ambapo mawingu hupungua, Almaaz hufika juu kabisa upande wa kaskazini mnamo saa tatu na nusu usiku, karibu katikati ya upeo wa macho na utosi. Iko jirani na Capella, ambayo Kiswahili huiita Ayuki, nayo haihitaji darubini. Jina lake limetoka katika Kiarabu na maana yake ni mbuzi, jambo ambalo wafugaji wetu watalielewa upesi kuliko hiyo Epsilon.

Kinachoikinga kimekwisha kujulikana kwa sehemu kubwa. Mwaka 1937 Kuiper, Struve na Strömgren walidhani ni nyota baridi, kubwa mno, inayopitisha mwanga kama pazia jepesi. Mwaka 1965 Su-Shu Huang akapendekeza badala yake sahani nene ya vumbi inayoonekana kwa ubavu. Mwishoni mwa 2009 darubini zilizounganishwa kwenye Mlima Wilson, California, zikapiga picha za kivuli chembamba, kirefu, kikiingia mbele ya uso wa nyota. Ubishi juu ya umbo ukaishia hapo. Sahani hiyo ina joto la takriban nyuzi 280 za Selsiasi, ilhali uso wa nyota unazidi nyuzi 7,000.

Ubishi uliobaki ni wa uzito. Rai ya kwanza, ambayo ndiyo kongwe, inasema Almaaz ni jitu kuu changa, yaani nyota kubwa na angavu mno, lenye masi (kiasi cha maada) takriban mara 15 ya masi ya Jua. Wanaoishikilia huonyesha mistari ya spektra yake, yaani ya mwanga wake uliotawanywa katika rangi zake, ambayo hufanana na ile ya majitu makuu yanayojulikana kwingineko, na huongeza kwamba sahani ya vumbi ni kitu cha kawaida kwa nyota changa. Rai ya pili inasema tunachokiona ni nyota iliyozeeka, yenye masi mara mbili au tatu tu ya Jua, iliyovimba huku ikimwaga tabaka zake za nje, na kwamba sehemu ya gesi na vumbi hilo imenaswa na mwenzake na kuwa sahani.

Hoja ya spektra, kwa maoni yangu, haina nguvu kama inavyodhaniwa. Mistari hiyo inatueleza kwamba mvutano kwenye uso wa nyota ni mdogo na anga lake limetawanyika. Hali hiyo hutokea kwa nyota nzito iliyotanuka na pia kwa nyota nyepesi iliyovimba. Ni sawa na kutazama sufuria iliyofunikwa: mvuke unakuambia maji yanachemka, haukuambii ni lita ngapi.

Rai ya uzito mkubwa inabanwa zaidi na mwenzake. Mwendo wa Almaaz katika mzunguko wake hudai kwamba, ikiwa yenyewe ina masi 15 za Jua, basi aliyemo ndani ya sahani awe na masi kama 13 au 14. Nyota ya kawaida ya uzito huo hutoa mwanga unaolizidi Jua kwa zaidi ya mara 10,000, na haijifichi kirahisi. Lakini vipimo vya mionzi ya urujuanimno, ambayo macho hayaioni, vimeonyesha ndani ya sahani nyota ya wastani, ya aina iitwayo B5, ambayo masi yake hukadiriwa kuwa karibu 6. Lissauer na Backman walijaribu kuinusuru rai hiyo mwaka 1984 kwa kupendekeza kwamba ndani ya sahani mna nyota mbili badala ya moja. Inawezekana, ila ni dawa iliyotengenezwa kwa ajili ya mgonjwa mmoja tu.

Rai ya pili ina mfano wa kuiunga mkono. Algol, jozi nyingine ya nyota, ambayo hupatwa kila baada ya siku tatu kasoro saa tatu hivi, ina nyota iliyozeeka yenye masi 0.7 na mwenzake mwenye masi zaidi ya 3, kinyume cha kanuni kwamba nyota nzito ndiyo huzeeka kwanza. Maelezo yake ni kwamba iliyokuwa nzito ilimgawia mwenzake gesi yake. Hata hivyo, rai hii nayo ina deni. Nyota iliyokaribia kumaliza kumwaga tabaka zake kwa kawaida hubakiwa na masi isiyofika moja, kwa hiyo masi mbili au tatu ni nyingi. Na kwa kuwa hatua hiyo ya maisha ni fupi mno, kuikuta nyota katikati yake, tena ikiwa na sahani iliyokaa sawasawa na mstari wa macho yetu, ni bahati ya kushangaza.

Mwamuzi halisi ni umbali. Anayeona mkungu wa matooke juu ya baiskeli inayokuja barabarani hawezi kuukadiria uzito wake kabla ya kujua baiskeli iko mbali kiasi gani, na makadirio ya umbali wa Almaaz yamekuwa kati ya miaka ya nuru 2,000 na zaidi ya 4,000. Umbali ukiongezeka mara mbili, upana wa nyota huongezeka mara mbili na nguvu ya mwanga wake mara nne, na nyota yenye nguvu zaidi huhitaji masi zaidi. Setilaiti ya Hipparcos ilipima paralaksi yake, yaani kuyumba kwake kadiri Dunia inavyolizunguka Jua, lakini kosa la kipimo likakaribia kulingana na kipimo chenyewe. Tatizo ni kwamba uso wa nyota hii, unavyoonekana kutoka hapa, ni mpana kuliko kuyumba kunakotafutwa, na mwanga wake hubadilika-badilika hata nje ya kupatwa.

Naielekea rai ya nyota nyepesi kwa sababu inamweleza mwenzake bila kumficha mtu wa ziada ndani ya vumbi. Vipimo vya baadaye vikithibitisha umbali wa miaka ya nuru 4,000 na kuendelea, itanilazimu kuiacha. Na hapo watakaokuwa wameshinda watadaiwa kutuonyesha zile masi 14 zimejificha wapi.