Pawatila ya kukodisha Dodoma: hesabu siku, usihesabu eka

Kila Agosti viwanja vya Nanenane pale Nzuguni huzalisha wamiliki wapya wa pawatila, yaani trekta dogo la magurudumu mawili. Mtu katoka ofisini, kitambulisho bado kinaning'inia shingoni, anasimama kwenye kipande cha maonesho na kuangalia mashine ikipita huku udongo ukilainika nyuma yake kama unga uliochekechwa. Anauliza bei, anapiga picha, anamtumia mke wake. Hakuna anayemwambia kwamba kipande kile kilimwagiliwa maji jana yake jioni.

Mtu huyo nilikuwa mimi. Yetu tulinunua na shemeji, ya mtumba (mtumba kweli, si ule Mtumba wa majengo ya wizara), hospawa 15, ya dizeli. Tangu hapo nimeulizwa mara nyingi kama kulimia watu bustani na mashamba kwa kukodi ni biashara ya pembeni inayolipa. Huwa najibu kwa swali: wewe una Jumamosi ngapi?

Wateja wapo, hilo tusibishane. Tangu serikali itangaze kuhamia hapa mwaka 2016, na hasa baada ya Dodoma kuwa Jiji mwaka 2018, viwanja vimepimwa hadi kule tulikokuwa tukiita porini. Nenda Nala, Ihumwa au Iyumbu uone: mtu ana kiwanja, hajapata hela ya kujenga, na hataki kije kuvamiwa au kugeuka pori. Anataka alizeti, mahindi kidogo, pengine karanga. Ana mshahara, hana muda, na jembe mara ya mwisho alilishika shule ya msingi. Mteja huyu habishani sana bei. Anachotaka ni kuja Jumapili akute pamelimwa.

Tena bustani, ukiipigia hesabu vizuri, ina bei nzuri kuliko shamba. Tuseme eka moja unalima kwa shilingi 60,000. Kibustani cha mita 20 kwa 20 ni kama sehemu ya kumi ya eka, lakini hakuna atakayekulipa 6,000 wala wewe hutaikubali. Mtakubaliana 15,000, na hapo tayari kila hatua ya udongo inakulipa mara mbili na nusu ya shambani. Ukipata majirani wanne wa mtaa mmoja asubuhi moja, umeondoka na 60,000 bila kugusa eka nzima.

Shida ni kuwapata hao wanne siku moja. Mmoja yuko Kisasa, mwingine Veyula, na pawatila barabarani inatembea kama mzee anayetoka msibani. Ukikodi kirikuu kuibeba, faida imepanda kwenye kirikuu. Na ukifika Kisasa unakuta kijana mwenye jembe keshakatiwa ngwe yake kwa 10,000, halipii mafuta, na kona za ukuta anazifikia vizuri kuliko wewe. Viwanja vyenyewe ni vya wajenzi. Siku moja tulisimama saa nzima tukichomoa bainding waya iliyojisokota kwenye shafti ya meno, mzunguko juu ya mzunguko, imekaza hadi tukaikata kwa msumeno. Bustani ilikuwa ya 15,000. Msumeno tulinunua 8,000.

Kitu kinachoiua biashara hii kwa mtu wa ajira, hata hivyo, si waya. Ni mvua. Dodoma tunapata kama milimita 550 hadi 600 kwa mwaka, karibu zote kati ya mwisho wa Novemba na Aprili, na ndani yake Februari hupenda kukauka. Kabla ya mvua, udongo wetu mwekundu ni sakafu. Meno yanaruka juu yake, mikono ya dereva inakufa ganzi, mkanda unanuka. Mvua ya kwanza ya maana ikinyesha, kila mtu anakupigia simu siku hiyo hiyo, na wote wanataka kesho, maana mkulima wa huku anajua kwamba wiki moja ya kuchelewa inaweza kuwa tofauti ya kuvuna na kutovuna. Baada ya wiki tano au sita simu inanyamaza hadi mwakani.

Sasa weka namba. Hizi ni za kwangu, wewe weka zako. Eka moja kwenye udongo uliolowa inanichukua saa nne hadi tano, kwa hiyo eka moja na nusu kwa siku ni kazi nzuri. Kwa kila eka toa dizeli lita saba, tuseme kwa 3,000, ni 21,000 (EWURA, mdhibiti wa bei za mafuta, hutangaza bei kikomo kila Jumatano ya kwanza ya mwezi, nami siku hizi naingoja kama matokeo ya mtihani). Toa dereva 15,000. Katika ile 60,000 umebaki na 24,000, kabla ya oili, meno na matengenezo. Kama mashine ilikugharimu milioni 6, unahitaji eka 250 kuirudisha. Mtu wa wikiendi, kati ya Desemba na katikati ya Januari, akitoa sikukuu na siku za matope ya kuzama, anabaki na siku kumi hivi. Eka 15. Atarudisha hela yake mwaka wa 17.

Atasema, basi naweka dereva afanye kazi siku zote. Sawa, kwa siku 35 ni eka 50 na ushee, miaka mitano hivi. Kwenye karatasi.

Dereva wangu wa kwanza alikuwa kijana mpole, mchapakazi, na kila jioni ripoti yake ilikuwa ile ile: "Bosi, leo mashine ilizingua, tumepiga eka moja tu." Dizeli lakini ilikuwa imeisha ya eka mbili. Eka ya pili ilikuwa ya nani, nilikuja kujua kwa mteja aliyenipigia kunishukuru kwa bei poa. Sikumlaumu sana. Mimi nilikuwa kikaoni, yeye alikuwa juani. Ila hesabu ya miaka mitano ilihamia kwenye minane.

Na kuna wizi mwingine usio na mwizi. Huku eka hupimwa kwa hatua 70 kwa 70. Hatua ya mtu wa kawaida haifiki mita, ndiyo maana ikizidishwa inakaribia eka ya kweli, ambayo ni kama mita 64 kwa 64. Mteja msomi anakuja na futi kamba, anapima mita 70 kwa 70, anakuambia hiyo ndiyo eka. Hapo umemlimia mita za mraba 4,900 badala ya kama 4,050. Karibu sehemu ya tano ya eka nyingine umempa bure, na dizeli yako humo humo.

Upande mwingine wa mizani upo wazee wa Kigogo, ambao hawakungoja mashine ya mtu. Wengi wamekuwa wakifanya kuberega: unafyeka, unachoma au unasogeza mabua, mvua ikigusa unapanda bila kulima. Maafisa ugani wamekipiga vita kilimo hiki miaka mingi, na wana hoja, maana ardhi iliyokauka juu hukataa maji, mvua ikaja kwa nguvu na kuondoka kwa nguvu. Lakini mzee naye ana hoja: kapanda siku ya pili ya mvua, wewe bado uko kwenye foleni ya pawatila. Na meno yetu ya kutifua si dawa. Yakisaga udongo huu kuwa vumbi, mvua kubwa moja inaufunga juu kama plasta, na yakipita kina kile kile kila mwaka yanaacha tabaka gumu chini. Aliyebuni mashimo ya Chololo, kijiji cha hapa hapa Dodoma, aliona kwamba shimo la sentimita 30 linaloshika maji karibu na mbegu linaweza kumfaa mkulima kuliko eka nzima iliyosagwa laini. Kwa bustani ya mchicha iliyotiwa samadi na kumwagiliwa, tifua bila wasiwasi. Kwa eka ya mtama ninazidi kuona aibu kidogo kuchukua hela ya mtu.

Kwa nini basi sijauza? Kwa sababu ya tela. Mnakumbuka mpango wa serikali wa Kilimo Kwanza wa mwaka 2009, pawatila zilivyomwagwa kwenye halmashauri, na jinsi tulivyocheka zilipoonekana zikibeba matofali, mchanga na madumu ya maji. Sicheki tena. Mashine yangu inalima wiki sita na kubeba miezi kumi, na hela ya kueleweka imetoka kwenye kubeba: samadi kutoka mazizini kwenda kwenye zabibu, mchanga, kreti za nyanya. Zabibu hasa ni mteja wa maana, kwa kuwa huvunwa mara mbili kwa mwaka na palizi kati ya mistari haingoji Desemba. Mwenye jirani wa Makutupora, Mpunguzi au Hombolo anayemwagilia ana kazi ya kulima hata Julai. Asiye na jirani huyo anamiliki tela yenye jembe la msimu.

Kwa hiyo kwa anayekaa huko huko mashambani na kushika usukani mwenyewe, ningesema nunua, anza na tela. Kwa aliyeko ofisini mwenye ndoto ya wikiendi, ningesema kodi mashine ya mtu kwa Desemba moja, simama nayo juani, halafu ndipo upige hesabu.

Shemeji anataka tuongeze ya pili, ile ndogo ya petroli kwa ajili ya bustani za mjini. Nimemwambia aje na majina ya majirani wanne wa mtaa mmoja. Mpaka jana alikuwa amepata wawili, na mmoja bado anaulizia mgao wa maji.