Profesa na Koti Lake

Skrini ya LCD ya kikokotoo au saa ya mkononi haitegemei taa ya ndani. Inaomba mwanga wa jirani, kisha inaurudisha. Ndiyo maana juani husomeka vizuri kuliko simu yako ya bei mbaya, na ndiyo maana kuipima ni balaa: chochote kinachong'aa chumbani, nayo inakiona.

Nilikuwa mwanafunzi Ujerumani, kwenye maabara iliyopakwa rangi nyeusi kuta hadi dari. Taa inamulika skrini kutoka juu, kipima mwanga kinaitazama kwa pembe ya nyuzi 30. Nasoma palipo peupe, nasoma palipo peusi, nagawanya. Peupe penyewe panarudisha asilimia 30 hivi tu, maana vichujio vya polaraizi, vinavyopitisha mwanga unaotetemeka upande mmoja tu, vinakula zaidi ya nusu ya mwanga. Peusi, 3. Kontrasti 10. Safi kabisa.

Profesa akaingia. Kontrasti 6.

"Rudia." Narudia: 6. Anatoka kufuata kahawa: 10. Anarudi: 6. Akaishuku taa, akalishuku joto la chumba, akakishuku hata kibao cheupe cha kulinganishia, maskini, kinachorudisha asilimia 99 bila kumkosea mtu. Mimi mtoto wa Tanga nikamshuku yeye. Mtu mwenye nuksi kiasi hicho kwetu angeshafukizwa ubani.

Kumbe alikuwa akisimama ng'ambo ya kipima, palepale kioo cha skrini kinapotazama. Kioo cha mbele hurudisha kama asilimia 4 ya mwanga unaokifikia, na mbele yake limesimama koti la maabara jeupe pepepe, linawaka kwa taa yetu wenyewe. Mwako huo ukaingia kwenye kipima: peupe pakapanda kidogo tu, kutoka 30 hadi 32 na ushei, lakini peusi pakaruka kutoka 3 hadi 5 na ushei.

Sasa mwambie mzee wa watu avue nguo, kwa Kijerumani cha kununulia mkate!

Nikajikaza. Akavua bila kinyongo. Ndani, shati jeupe. Tukapata 7.

Akalitazama shati. Akanitazama. Mkono ukaanza kwenda kwenye kifungo. Yallah! Nikarukia mahameli nyeusi ya kufunikia mashine, nikamfunika gubigubi, kasimama kama bibi ndani ya buibui.

"Ngapi?" sauti ikatoka ndani.

"Kumi, profesa!"

Mlango ukafunguliwa. Wageni, suti na tai, wanauliza kama profesa yupo.

"Fungeni mlango!" ikafoka mahameli. "Mnaingiza mwanga!"