Raketi ya Tenisi ya Meza: Tuamini Vipimo au Mkono?

Anayenunua ubao wa raketi peke yake na raba mbili za kubandika juu yake (kila raba ni karatasi ya mpira yenye sponji chini yake) ana njia mbili za kuamua, na kila njia ina watetezi wakali. Kundi la kwanza hupima: uzito, unene, ugumu wa sponji, mlio wa ubao unapogongwa na mpira. Kundi la pili hushikilia kwamba raketi huijua aliyeishika, na mizani haijawahi kushinda seti. Hoja nzito zipo pande zote mbili. Lakini makundi yote mawili hupotea mahali pamoja: hujaribu raketi kwa mipigo mizuri ya mazoezi, ilhali raketi isiyofaa hujianika kwenye kupokea mpira wa kuanzisha na kwenye kuzuia mpira uliokuja kwa nguvu.

Kwanza tuondoe namba zisizo na kazi. Alama za kasi, spini (mzunguko wa mpira) na udhibiti zilizochapwa kwenye pakiti ya raba hutolewa na kila kampuni kwa kipimo chake yenyewe, kwa hiyo kasi 9 ya huku haina undugu na kasi 9 ya kule. Ugumu wa sponji nao unahitaji tahadhari. Raba ya Tenergy 05 ya kampuni ya Butterfly imeandikwa digrii 36, ilhali raba nyingi zinazotengenezwa Ujerumani zenye ugumu unaokaribiana nayo huandikwa 47 hivi. Raba za Kichina kama Hurricane 3 ya kampuni ya DHS, zinazouzwa kwa digrii 39, 40 au 41, zina mizani yao tena. Linganisha namba ndani ya kampuni moja tu.

Uzito ni jambo jingine kabisa, na hapa wapimaji wako sahihi. Mbao mbili za jina moja, zilizotoka kiwanda kimoja, zaweza kupishana gramu 5 hadi 10, kwa sababu mti si plastiki. Raba iliyokwisha kukatwa kwa ukubwa wa ubao huwa na gramu 42 hadi 55 kutegemea unene na ugumu wake. Ubao wa gramu 85 wenye raba za wastani hukupa raketi ya gramu 180 hivi. Ubao wa gramu 93 wenye raba mbili ngumu za unene wa juu hukufikisha 200. Gramu za raba zote zimekaa kichwani mwa raketi, mbali na kiganja, na kifundo cha mkono huzihisi pale unapohama haraka kutoka mpigo wa mkono wa nyuma kwenda mpigo wa mkono wa mbele. Malalamiko mengi kwamba raba fulani “ni nzito kuzungusha” hayahusu tabaka la juu la raba wala sponji. Ni uzito tu, na mizani ya jikoni inayosoma gramu moja ingeyamaliza kabla ya kubandika.

Mlio wa ubao una maana pia, ila si yote inayodaiwa. Ubao mtupu ukishikwa kwa vidole viwili shingoni na kugongwa kwa mpira, programu ya simu husoma mtetemo wake, na mbao nyingi huangukia kati ya takriban 1,000 na 1,600 Hz (mitetemo kwa sekunde). Mlio wa juu huashiria ubao mgumu, wa chini ubao unaopinda. Lakini mtetemo hupanda ugumu unapoongezeka na hushuka uzito unapoongezeka, hivyo ubao mwepesi wenye kichwa kidogo unaweza kulia juu bila kuwa na kasi kubwa. Kipimo hiki hufaa kulinganisha mbao mbili za jina moja. Kwa mbao za miundo tofauti, hukumu yake ni dhaifu.

Jaribio la kuangusha mpira juu ya raba na kuangalia umerudi kiasi gani ndilo linalopotosha zaidi. Mpira wa gramu 2.7 ukianguka kutoka sentimita 30 hugusa tu uso wa sponji. Sponji laini huurusha vizuri kwa mguso huo mdogo, na ngumu huonekana imekufa. Piga kwa nguvu, mambo hugeuka: sponji laini hubonyea hadi mwisho, mpira unakutana na mti, na mpigo unapoteza spini na kuanguka wavuni, ile ngumu ndiyo kwanza inaanza kufanya kazi. Kwa hiyo raba “yenye kasi” kwenye jaribio la kuangusha yaweza kuwa ya polepole kwa mpigaji mwenye nguvu, na kinyume chake. Hapa watetezi wa mkono wanashinda hoja moja kwa moja. Vivyo hivyo kwa kunata. Raba inayoweza kuning’iniza mpira kwa sekunde kadhaa haimaanishi spini nyingi kuliko isiyonata. Tenergy hainati, nayo huzungusha mpira kwa jinsi uso wake unavyong’ang’ania na sponji yake inavyonyumbuka. Inayonata hudai mpigo mrefu, tena hukusanya vumbi haraka, kwa hiyo hufutwa kwa maji na kufunikwa kila baada ya mchezo.

Sasa tuulize mkono wenyewe unaaminika kiasi gani. Mguso wa mpira na raba hudumu takriban sehemu moja ya elfu ya sekunde. Kinachoitwa hisia ni mtetemo unaofika vidoleni baada ya mpira kuondoka, pamoja na sauti. Bado ni taarifa ya kweli, kwani mchezaji hurekebisha mpigo unaofuata kutokana nayo. Ila huchafuliwa na mambo yasiyohusu kifaa: bei aliyolipa, jina la bingwa anayekitumia, na hasa upya. Raba mpya ikilinganishwa na iliyochakaa itashinda daima, hata ikiwa ni ya aina ileile. Raba nyingi za kisasa zenye sponji iliyokazwa kiwandani huwa na uchangamfu wa ziada siku za mwanzo, kisha hutulia. Hukumu ya siku ya kwanza ni hukumu ya raba ambayo hutakuwa nayo mwezi ujao.

Raba za kuazima zina mtego wake: zaweza kuwa zimepakwa mafuta ya kuvimbisha sponji. Kanuni za ITTF, shirikisho la kimataifa la tenisi ya meza, zinataka raba itumike bila kutibiwa kwa kemikali wala kwa njia nyingine, na gundi za kasi zenye viyeyusho zilikwisha kuondolewa mwaka 2008. Sponji iliyopakwa hupiga vizuri kwa muda, kisha hunywea na kufa. Ukiipenda raba ya namna hiyo, umependa mafuta.

Jaribio linaloaminika hubadilisha kitu kimoja tu. Ukibadilisha ubao na raba kwa pamoja, hutajua lolote. Bandika raba mbili unazolinganisha kwenye mbao mbili za jina moja zisizopishana zaidi ya gramu 3, au kwenye pande mbili za ubao mmoja, kisha geuza raketi mkononi. Gundi iwe ya maji, idadi ya tabaka iwe sawa pande zote. Subiri igeuke kutoka nyeupe kuwa angavu, kisha laza raba kuanzia mpinini kwenda juu kwa mrija wa kuviringisha, bila kuivuta. Raba iliyovutwa hubadilika ugumu na baadaye kujibanua ukingoni. Wakati wa kubandua, vuta polepole ukianzia mpinini na kufuata mwelekeo wa nyuzi za mti. Ukivuta kwa kukingama, unang’oa vibanzi vya tabaka la juu, hasa likiwa la mti wa limba, ambao ni laini kuliko mti wa koto.

Mezani, acha mipigo mirefu ya spini ya juu (mpira ukizunguka kuelekea mbele) iwe ya mwisho, kwa maana mpira unaoletwa sawasawa hupendeza kwa karibu raketi yoyote. Anza na mipira 20 ya kuanzisha mifupi yenye spini ya chini (mpira ukizunguka kurudi nyuma): rudisha mfupi, hesabu mingapi ingedunda mara mbili upande wa mwenzako. Kisha mipira 20 ya kuzuia bila kusogeza mkono, mwenzako akipiga spini ya juu kwa nguvu, hesabu iliyotua. Kisha 20 ya kufungua mashambulizi dhidi ya spini ya chini, na hapo andika kama iliyokosa iligonga wavu au ilipita meza. Wavu ukizidi, raba inarusha mpira chini mno au sponji ni ngumu kuliko mpigo wako; ikipita meza, ni kinyume. Fuata mpangilio huu: raketi ya kwanza, ya pili, kisha ya kwanza tena, kwa sababu raketi ya pili hupata mkono uliokwisha kupata moto. Rudia siku nyingine.

Mbao zenye nyuzi za kaboni huleta mgawanyiko mkali zaidi. Wanaozitetea wana hoja ya haki: mpira wa plastiki uliokuja mwaka 2014 ulipunguza spini na kasi, na kaboni hurudisha kasi na kupanua eneo zuri la kupigia. Kanuni zinaruhusu nyuzi hizo mradi angalau asilimia 85 ya unene wa ubao ni mti wa asili. Mahali zilipokaa kuna uzito kuliko kuwapo kwake. Zikiwa chini tu ya tabaka la juu, kama kwenye ubao wa Viscaria, huitikia hata mguso mdogo. Zikiwa kando ya kiini, ubao hufanya kama mti kwenye mipira mifupi na kuamka unapopiga kwa nguvu. Anayejifunza bado hufaidika zaidi na ubao wa tabaka tano za mti mtupu, gramu 80 hadi 88, na sponji ya milimita 1.8 au 2.0 yenye ugumu wa kati. Aliye juu zaidi na aingie kaboni, lakini kwa sharti la hesabu zilezile: ikiwa ubao mpya unaongeza pointi kwenye kufungua mashambulizi lakini unapoteza zaidi ya mipira minne kati ya 20 kwenye kupokea, raba nyembamba kwa milimita 0.2 upande wa mkono wa nyuma ijaribiwe kwanza kabla ya kuubadilisha ubao.