Dakika 148 na Mama Mkwe Sebuleni

Jamani mtu akikwambia "hii muvi ni ya saikolojia, inaanza taratibu" ujue anakwambia chukua mto na shuka kabisa. Mi jamaa wa kibanda cha muvi nilimwambia anijazie kwenye flashi kitu cha kutisha ila kisiwe na mazombi, akanipa Burning, ya Korea Kusini ya mwaka 2018, kaiongoza Lee Chang-dong, mzee ambaye kule kwao alishawahi kuwa mpaka waziri wa utamaduni, na mi hilo nimeliamini bila kubisha maana ile muvi inatembea kama faili kwenye ofisi ya serikali. Dakika 148! Hapo mpira unaisha na dakika za nyongeza zinaisha na penalti zinapigwa na watu washaanza kurudi nyumbani.

Sasa muvi zenyewe za hivi zinataka kimya. Kimya nakitoa wapi mimi? Sebuleni pale mama Shadya anakunja nguo, shemeji yupo chini kwenye mkeka anaangalia video za kwenye simu sauti juu, Shadya kagoma kulala, na mama mkwe kaja toka Muheza kupima macho, kakalia kochi langu, lile linalopata feni. Na nyumba zetu hizi unazijua, aliyeshika rimoti ndo mshtakiwa, chochote kinachotokea ndani ya tivii unaulizwa wewe kana kwamba ulikuwepo wakati wanarekodi.

Maandishi ya Kiingereza yanapita pale chini, mama hayaoni, na hata angeyaona. Kwa hiyo kila baada ya muda, "Anasemaje huyo?" Basi nikageuka Lufufu. Ila Lufufu mwenyewe alikuwa anatafsiri muvi watu wanarushiana risasi, magari yanalipuka, mtu una cha kusema, mimi kijana wa watu Jong-su kasimama anaangalia dirishani, nitafsiri nini? Nikasema hapa mama kasimama. Kimya. Nikasema bado kasimama. Mama akanijibu, "Si namwona."

Halafu kuna msichana, Haemi, wapo baa na Jong-su, akaanza kumenya chenza ambalo halipo. Yaani anamenya hewa, anatoa kipande, anatia mdomoni, anatafuna, anameza. Mama mkwe akakaa vizuri. "Anakula nini?" Nikamwambia hamna kitu mama, anaigiza, anasema siri yake usiwaze kwamba chenza lipo, we sahau kwamba halipo. Mama kaniangalia weee. Mtu wa Muheza huyu, msimu ukifika machungwa na machenza yanaoza pembeni ya barabara wanunuzi hawatoshi, leo unamwambia mtoto wa watu kakosa hata moja mpaka anatafuna upepo. Akasema kwa upole kabisa, "Kwani huyo kijana hana hata mia tano?"

Tukaendelea. Nilikuwa sijui kinachokuja, muvi inayochukua muda wote ule kumwonyesha mtu anavuta sigara huwezi kudhani ghafla bin vuu watu watapandishana kitandani. Na mama yupo pale! Rimoti yangu betri imeshikiliwa na mpira wa pesa, ukibonyeza mpaka uipige kwanza mapajani, napiga haishiki, napiga haishiki, ikabidi niinuke nikasimame mbele ya tivii nikijifanya naangalia kama flashi imelegea. Nimesimama. Hawamalizi. Ndo nikagundua ujinga wa hizi muvi za polepole, kila kitu mle ndani ni cha polepole, hata hicho. Mama Shadya anakunja shuka lile lile moja, mama mkwe anaangalia feni, shemeji ndo kwanza kazima simu yake.

Kumbe hiyo ilikuwa robo tu. Baadaye huyo huyo Haemi anavua nguo ya juu anacheza nje uwanjani, jua linazama, tarumbeta la Miles Davis linalia, wenye akili zao wanasema ni sehemu nzuri kuliko zote kwenye hiyo muvi. Mi nilikuwa naomba umeme wa LUKU ukate. LUKU ambayo kila siku inasubiri mtu aweke mpira kwenye penalti ndo iishe, siku hiyo imesimama imara mpaka namba zinang'aa.

Kilichowaamsha watu ni Nairobi. Haemi kasafiri Afrika, karudi na mwanaume anaitwa Ben, kakutana naye uwanja wa ndege wa Nairobi. Mama Shadya kaacha nguo, "Nairobi ya hapa?" Shemeji kasogea mbele ya kioo anasubiri kuona matatu. Hamna. Afrika nzima inasimuliwa kwa mdomo, kamera haijatoka Korea! Wakarudi nyuma na hasira zao na zote nikapewa mimi.

Huyo Ben sasa ana Porsche, nyumba kali, akiulizwa kazi yake anasema anacheza tu. Mama mkwe papo hapo, "Huyo ndo mbaya." Nikamwambia mama subiri, wanajenga. "Wanajenga nini, mtu hana kazi ana gari." Na kila Haemi akisimulia mambo yake Ben anapiga mwayo, shemeji akadakia, "Unaona, hata yeye imemchosha."

Basi Ben akasema ana tabia ya kuchoma mabanda ya plastiki ya kulimia mboga, kila baada ya kama miezi miwili anachoma moja. Haemi akapotea. Jong-su kila asubuhi anakimbia kukagua mabanda, yote mazima. Anakimbia. Anakagua. Anakimbia. Shemeji kalala mdomo wazi. Mpaka tunafika kwa Ben bafuni, kwenye droo kuna vitu vya wanawake na ile saa ya pinki ya Haemi, na paka anayeitika jina la paka wa Haemi, hapo nyumba nzima ikapiga kelele kumbe walikuwa wanafuatilia wanafiki hawa. Mara kisu, mara Ben kachomwa moto na Porsche yake, Jong-su kavua nguo zote katupia humo humo kaondoka uchi (nikasimama tena mbele ya tivii), majina yakaanza kupanda.

"Kwa hiyo Ben alimuua?"

Nikasema haijulikani, ndo utamu wake.

Mama Shadya akasema saa labda aliisahau tu kule. Shemeji akasema Haemi karudi zake Nairobi. Mama mkwe akasema hayo ya saa hayajui, ila yule kijana tangu alipouza ndama huku baba yake ana kesi, yeye alijua kuna damu. Ndama! Mi nilikuwa bize natafsiri, huyo ndama sikumpa hata dakika.

"Sasa binti yuko wapi?" Wote wananiangalia mimi.

"Kesho baba Shadya," mama mkwe akasema akitafuta kandambili zake, "nenda kwa huyo kijana wa kibandani akupe pati tuu. Kama hana akurudishie hela yako."