Uchina hawakuulizi umri, wanakuuliza mnyama

Ukiishi Guangzhou na kufanya kazi ya mizigo kama mimi, ipo siku utaulizwa wewe ni mnyama gani. Kwetu Dodoma swali hilo lingezua ngumi. Huku ni adabu tu: mtu anataka kujua umri wako bila kukuuliza umri. Mama mmoja wa ghalani aliponiuliza nilimjibu Farasi, maana nimezaliwa katikati ya 1990. Akanitazama nywele zinavyorudi nyuma kwenye paji, akapiga hesabu. Wanyama ni 12, kila mmoja na mwaka wake, kisha wanaanza upya, kwa hiyo mwaka huu mtu wa Farasi ana miaka 24, 36 au 48. Hakuhangaika, akasema 36.

Mimi utaratibu huu naupenda, na sababu ni babu yangu. Yeye alijua tu kwamba alizaliwa baada ya Mtunya, ile njaa iliyowamaliza Wagogo mwishoni mwa Vita Kuu ya Kwanza. Baada kwa kiasi gani, hakuna aliyekumbuka, na kwenye kadi yake ya kliniki karani alikisia tu mwaka. Mzee wa Kichina wa kijijini, hata kama hakusoma, anajua kama ni Sungura au Jogoo, na hapo umri wake hauwezi kupotea. Tena hakufungiwa kwenye janga. Sisi tuna kina Shida na kina Tabu wanaobeba mwaka mbaya wa wazazi wao mpaka kaburini.

Ila mambo yana upande wa pili. Mwaka wa mnyama wako ukirudi, Wachina hawakupongezi, wanakupa pole, kwani unahesabiwa kuwa mwaka wa mikosi. Farasi ameingia Februari 17, 2026, na wenzangu ofisini wakaniletea soksi nyekundu na uzi mwekundu wa kufunga mkononi. Madukani kabla ya sikukuu chupi nyekundu huning'inizwa mpaka mlangoni, na watu wazima na heshima zao wanachagua saizi mbele za watu. Soksi nimevaa. Chupi nimewaachia wenyewe.

Kinachonikera ni pale mnyama anapoingia kwenye uzazi na ndoa. Wajapani, waliopokea hesabu hii kutoka Uchina, waliogopa kuwa binti wa Farasi wa Moto atakuja kummaliza mumewe, na mwaka 1966 vizazi vyao vilishuka kwa karibu robo. Mwaka huu ni Farasi wa Moto tena, maana wanyama huzunguka pamoja na mti, moto, udongo, chuma na maji, na mzunguko mzima huchukua miaka 60. Uchina nao hukimbilia Joka: mwaka 2024 walizaliwa watoto milioni 9.54, wakati 2023 walikuwa milioni 9.02. Joka halikufanya kazi peke yake, kwani wengi walioahirisha harusi wakati wa korona walioana 2023. Lakini mzazi anayemtafutia mwanawe bahati kwa kumpanga foleni moja na wenzake wote, darasani hadi kwenye ajira, mimi simwelewi.

Kwa ndoa, nasimama na kwetu. Dada mmoja ofisini ni Panya, mchumba wake Farasi, na wanyama hao wanasemekana hawaivi chungu kimoja. Mama mtu akagoma. Nyumbani pia wazee wanachunguza: ukoo una kifafa? Una uchawi? Ni ukatili vilevile, lakini ukoo una mdomo. Mjomba atakuja, atakaa mkekani, atajieleza, faini italipwa, watani watamwaga maneno na hasira zitashuka. Mwaka wa kuzaliwa huutumii mshenga.

Yule dada alimpeleka mama yake kwa mpiga ramli, akalipia, wakarudi na tarehe ya harusi.